Kozi niliyoiandaa mara mbili

Muhula uliopita niliombwa kuandaa kozi mseto ya takwimu, yaani sehemu mtandaoni na sehemu ana kwa ana, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, nami, kwa kujiamini kupita kiasi, nilirekodi mihadhara ya video ya saa nzima na kuipakia kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Katuba alinionyesha simu yake: video ilikuwa imegota kwenye dakika ya 4, na mega alizonunua asubuhi zilikuwa zimekwisha. "Mwalimu, nimekusikia ukisema 'karibuni' tu, basi," akaniambia.

Nilianza upya, safari hii kutokea mwisho: kwanza nikaandika kile ambacho mwanafunzi anapaswa kuweza kukifanya, kisha jaribio la kuonyesha kwamba anakiweza, na hapo ndipo nikachagua vifaa. Video zikawa sauti za dakika 10, ambazo kwa kilobiti 32 kwa sekunde hazizidi megabaiti 2.5, pamoja na kurasa mbili ambazo mwanafunzi huzipakua mara moja na kuzisoma hata mtandao ukipotea. Kikao cha Jumamosi cha ana kwa ana hakina tena mhadhara. Tunakokotoa wastani wa bei za unga wa mahindi walizokusanya wenyewe sokoni, kisha tunabishana kuhusu bei moja ya ajabu inayopotosha hesabu yote.

Mijadala ya mtandaoni bado imedorora, nakiri, na nadhani kosa ni la maswali yangu, ambayo mengi yanajibika kwa ndiyo au hapana.