Moto wa mwezi wa sita si moto wa mwezi wa tisa

Mwezi wa tisa ukitoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, moshi umefunika pande zote. Lawama huwaendea wachoma makala, yaani mkaa. Ni kweli wanakata miti, lakini kinachoizuia kurudi ni moto wa mwisho wa kiangazi, unaopita juu ya visiki vilevile mwaka baada ya mwaka.

Miombo, misitu ya kwetu yenye miti kama muputu na mutondo, inavumilia shoka. Kata muputu au mutondo sentimita 10 hadi 20 kutoka ardhini, kwa shoka kali na kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kisiki, nao utachipua wenyewe. Baada ya miaka miwili hivi bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yaondoe. Mahali pa tanuru la makala ni habari nyingine: joto linaua mizizi na mbegu. Kwa hiyo matanuru yarudie palepale palipokwisha kuungua, mbali na visiki vizima.

Sasa moto. Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, watu wa misitu walianza mwaka 1933 kulinganisha vipande vya miombo: kimoja kinachomwa mapema, kingine mwishoni mwa kiangazi, kingine hakiguswi na moto. Palipochomwa mwishoni kila mwaka, msitu uligeuka nyasi. Palipochomwa mapema miti ilibaki. Sababu unaiona kwa macho: kuanzia mwezi wa nane muputu hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, wakati nyasi zimekauka hadi shinani. Moto wa siku hizo hupanda juu, huchoma majani hayo na kuua chipukizi lolote lisilofika mita mbili. Kisiki kinatumia akiba yake kuanza upya, na kikifanya hivyo mara nyingi kinakufa.

Choma basi mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita, nyasi zikiwa nusu kijani. Kwanza lima mistari miwili yenye upana wa mita moja, ikiachana mita 10, kisha choma nyasi zilizo katikati. Hiyo ndiyo njia ya kuzuia moto. Upepo wa kiangazi kwetu hutoka sana kusini-mashariki, kwa hiyo kipande chenyewe kiwashe upande wa kaskazini-magharibi ili moto utembee polepole kinyume cha upepo. Anza saa kumi jioni, umande wa usiku utausaidia kuzimika. Vipande vikibaki bila kuungua, usivirudie: humo ndimo wadudu na wanyama wadogo wanapojificha.

Kosa kubwa ni kwenda nyumbani ukiona moshi umekwisha. Gogo kavu au mti uliokufa ukiwa umesimama hufuka usiku kucha, na kesho yake saa sita, upepo ukiamka, unarusha cheche ng'ambo ya njia. Mtu mmoja mwenye pampu ya mgongoni na matawi mabichi apite asubuhi na mchana wa siku ya pili. Vichuguu vikubwa vya mchwa vyenye kichaka chake vizungushie njia pia; miti ya pale haifanani na miombo ya pembeni na haizoei moto.

Sheria inasaidia, ukijua pa kuishika. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Misitu ya Kongo (Code forestier) ya 2002 kinakataza kukata msitu mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Kipimo hicho kiingie kwenye ramani ya kijiji kabla ya jambo lingine. Tena, amri ya serikali ya 2014 inaruhusu jamii kupewa na gavana msitu wake, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda, na kuuandikia mpango rahisi wa usimamizi.

Mipango mingi huandika tu "moto umekatazwa". Hilo halishikiki. Mwindaji atachoma dembo, yaani bonde la nyasi lenye maji, mwezi wa tisa kwa siri, maana nyasi changa huvuta wanyama, na mwenye shamba atachoma jioni ya upepo. Andika badala yake nani anachoma kipande gani, tarehe ya mwisho ni ipi, nani anapita siku ya pili, na anayewasha baada ya tarehe hiyo analipa nini mbele ya shefu. Kiite na kijiji cha jirani mtie sahihi pamoja, kwa sababu moto wa mwezi wa tisa huwa unatokea upande wake.