Mannheim hadi Pforzheim: barabara iliyolitoa gari ugonjwa wake

Nilipofika Mannheim kumtembelea dada, shemeji aliniuliza ningependa kuona nini Ujerumani. Nikamwambia, njia aliyopita Bertha Benz, mke wa Carl Benz aliyeunda gari la injini, alipoliendesha safari ndefu ya kwanza. Mimi ni fundi wa magari Morogoro, mwaka wa 22 sasa, na njia ile nimeiwaza tangu nikiwa mwanagenzi wa kuosha spana.

Tuliondoka alfajiri, kama alivyoondoka yeye Agosti 1888. Mumewe Carl alikuwa bado amelala. Mama akawachukua wanawe, Eugen wa miaka 15 na Richard wa 13, wakapanda gari la magurudumu matatu lenye injini ya silinda moja, kuelekea kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Kabla ya siku hiyo lilikuwa limejaribiwa kwa safari fupifupi tu. Sisi mafundi tunajua maana yake. Mteja analalamika gari linagonga. Ukilizungusha karibu na gereji, kimya. Lipandishe mlima, litasema lenyewe.

Heidelberg tulipita bila kukawia. Wiesloch ndiko nilikotaka kusimama. Gari lile halikuwa na tangi. Mafuta yalikaa kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, lita 4 na nusu hivi. Yalipokwisha, Bertha aliingia duka la dawa la Willi Ockel akanunua ligroini, aina ya mafuta mepesi ya petroli ambayo watu waliitumia kuondoa madoa kwenye nguo. Jengo lipo hadi leo, na nje kuna mnara wa ukumbusho. Nilisimama mbele ya mlango ule mpaka shemeji akazima injini.

Maji nayo yaliwasumbua njia nzima. Rejeta haikuwapo. Maji yaliyoizunguka silinda yalichemka yakaondoka na mvuke, kwa hiyo kila penye kisima au kijito ilibidi wasimame waongeze. Kwetu gari likichemsha ni ubovu. Lile lilichemsha ndivyo lilivyoundwa.

Kisha mafuta yakaacha kupita, njia imeziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akazibua. Waya wa kuwashia moto ukapoteza kinga yake. Akauzungushia mkanda wa kushikilia soksi. Mimi hapa nasimama kabisa upande wake, kwa sababu wapo wanaosimulia mambo haya kama kichekesho cha mavazi ya kike. Kujua kwamba moto umekatika kwa sababu waya unapiga shoti, na siyo kwa sababu mafuta hayafiki, ni kazi ya fundi. Nimewahi kufunga paipu ya mafuta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli njia ya Ifakara, na kufunga ilikuwa dakika tano. Kuujua ubovu wenyewe kulinichukua saa mbili.

Bruchsal walihitaji mhunzi wa kutengeneza cheni. Tulipita mjini pale tukanunua mkate, tukaendelea.

Baada ya Berghausen nchi inaanza kuinuka, na karibu na Wilferdingen nilimwomba shemeji anishushe nipande kwa miguu. Gari lilikuwa na gia mbili tu, na kwa mlima kama ule injini haikuwa na nguvu. Wakashuka, wakasukuma. Niliwakumbuka utingo wetu pale mlima Kitonga, wanaokimbia na jiwe mkononi kuliwekea tairi. Jua lilikuwa kali, na nilifika juu ninahema bila kusukuma chochote.

Wao walifika Pforzheim giza likiingia, wakampelekea Carl telegramu. Baada ya safari hiyo Carl aliongeza gia nyepesi ya kupandia milima. Ule mlima ndio ulioidai.

Kurudi tulipitia Bauschlott, kama wao. Breki zao zilikuwa vipande vya mbao, na kwenye miteremko zilikwisha haraka. Hapo kijijini Bertha akamwendea fundi viatu azivalishe ngozi. Kila ninapogonga ribiti kufunga bitana mpya kwenye brekishuu, nafanya kazi ya yule fundi viatu. Nilimweleza shemeji hivyo tukiwa tunateremka. Hakujibu. Akapunguza gia, akaliacha gari lishuke polepole.