Ekzosi mpya, kabureta ileile: kumbukumbu ya mradi

Pikipiki yenyewe ni ya silinda moja, 250cc, inapozwa kwa hewa na bado inatumia kabureta ya vakuumu, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Ekzosi ya kiwandani, yaani mfumo wa kutoa moshi, ilikuwa imeoza: ukiitikisa unasikia vipande vikicheza ndani, na chini ya mafla (kopo la kupunguza sauti), pale maji yanapotuama, kutu ilishatoboa tundu. Kuchomelea kiraka kusingefika mbali, maana bati lililobaki lilikuwa linabonyea kwa kidole gumba. Nikaamua kuweka seti nzima ya chuma kisichoshika kutu: bomba la mbele, kiungo cha kati, na mafla ambayo inafunguka kwa bolti. Niseme mapema kwamba kelele sikuwa naitafuta. Nilitaka wepesi, na kitu ambacho kikichoka naweza kukifungua na kukitengeneza mwenyewe.

Kufungua ya zamani

Roho mkononi ni kwenye nati mbili zinazoshika bomba kwenye hedi, kichwa cha silinda. Stadi zake, vijiti vya meno vilivyoingia kwenye hedi, zimekaa kwenye moto na matope miaka nenda rudi, na moja ikikatikia ndani ya alumini, kazi ya mchana mmoja inageuka kuwa ya kutoboa na kukata meno upya. Kwa hiyo nilianza usiku wa kuamkia siku ya kazi: brashi ya waya kwenye meno yaliyo wazi, kisha mafuta ya kulainisha kutu, nikayaacha yalale humo. Asubuhi nikaiwasha injini mpaka hedi ikapata uvuguvugu, nikazima, ndipo nikashika spana. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inakula kona za nati iliyochakaa.

Nafungua robo mzunguko, narudisha kidogo, nafungua tena. Nati yenye kutu inapolegea hutoa mlio mkavu. Ukiona inazunguka kwa ulaini bila mlio, huku mkono unahisi kitu kinavutika, acha hapo hapo, kwa sababu kinachozunguka ni stadi inayojinyonga. Ya kwanza ilitoka bila ubishi. Ya pili ilitoka na stadi yake nzima, jambo ambalo si baya hata kidogo. Stadi mpya niliiingiza kwa kubana nati mbili pamoja juu yake.

Bomba likiwa chini, mulika tundu la hedi kwa tochi, tena bila haraka. Gasketi ya zamani, ile pete laini ya shaba inayopondeka, bado imo humo ndani. Imefunikwa na masizi na imekaa sawasawa na ukuta wa tundu, kiasi kwamba ukitupa jicho mara moja unaapa ni sehemu ya hedi. Nilipitisha ncha ya bisibisi nyembamba ukingoni, ukatokea mkwaruzo mwekundu wa shaba katikati ya weusi. Kabla ya kuichokonoa nilizungusha injini hadi pistoni ikawa juu kwenye mgandamizo, vali ya moshi ikiwa imefunga, ili masizi yasidondokee kwenye silinda. Kisha nikaikunja pete upande mmoja kuelekea ndani na kuivuta kwa koleo. Ukiweka gasketi mpya juu ya ya zamani bomba halikai mahali pake, nati zinashika meno machache, na kiungo kitaanza kuvuja tu.

Kupachika

Mizani ilisema kilo 5.1 kwa ya zamani na 3.2 kwa mpya. Hiyo peke yake ilinifurahisha.

Kupachika kwenyewe hakuna miujiza: vitu vyote vikae vikiwa vimelegea kwanza, halafu ukaze kuanzia kwenye hedi kurudi nyuma. Ukikaza mafla kwanza kisha ukavuta bomba kwa nati za hedi, flenji, bamba linalobana bomba kwenye hedi, inakaa upande, na kishikio cha mafla kinabaki na mvutano ambao mtikisiko wa injini ya silinda moja utaumalizia kwenye weldi. Nati za hedi nilizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, nikiangalia flenji iende sambamba pande zote. Kitabu cha pikipiki hii kinataka Nm 20 kwa stadi za M8. Chako kinaweza kutaka vingine, kisome. Meno niliyapaka grisi ya shaba kidogo, na kwa kuwa meno yenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ileile, nilishusha spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, chini kidogo ya kipimo hicho.

Tundu la kishikio na tundu la fremu zilipishana kwa unene wa washa moja. Kwa kuvuta kwa nguvu bolti ingeingia. Niliweka washa.

Baadaye watu wawili wakakaa juu, springi za nyuma zikabonyea, nami nikalala chini kuangalia. Mkono wa tairi la nyuma haugusi, mnyororo haugusi, pedeli ya breki inashuka mpaka mwisho, stendi inakunjwa bila kugonga bomba. Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa karibu mno na mafla kwa roho yangu, nikauhamisha na kuubana upande wa pili wa fremu.

Kabla ya kuwasha, futa bomba lote kwa spiriti. Alama za vidole zikipikwa kwenye chuma cha namna hii hazitoki kwa kitambaa tena. Ila dawa za kusafishia breki zenye klorini ziweke mbali na kazi hii: masalio yake yakipata moto mkali yanaweza kutoa fosjini, na hiyo ni sumu ya kweli.

Dakika za mwanzo ilitoa moshi mwepesi, mafuta ya kiwandani yakiungua. Halafu karibu na hedi chuma kikaanza kubadilika: rangi ya majani makavu, kisha dhahabu, kisha zambarau inayoingia kwenye buluu. Si rangi iliyopakwa. Ni utando wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyopanda, na mwanga unaorudi kwenye utando huo huonyesha rangi tofauti kwa kila unene. Hapo kazi nilisimamisha kwa muda, nikabaki naangalia tu.

Mipasuko

Barabarani, kila nilipofunga mafuta kwenye mteremko, yaani kuachia mkono wa kuongeza kasi: pa, pa-pa, pa. Kuna wanaoipenda sauti hiyo. Mimi naisikia kama malalamiko.

Kitu cha kwanza kushuku ni uvujaji. Kila mpigo wa moshi ukifika mwisho wa bomba hurudisha nyuma wimbi la mvuto, na wimbi hilo likikuta upenyo hunyonya hewa safi kutoka nje. Hewa hiyo ikichanganyika na petroli ambayo haikuungua, moto unapasukia kwenye bomba. Nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo injini ikiwa baridi, nikaiwasha, nikabana kidogo mdomo wa mafla kwa kitambaa kinene. Hedi ilikuwa kavu. Kiungo cha kati kilitoa mapovu. Nikakifungua, nikapaka ute wa kuzibia unaostahimili moto, nikakaza klampu. Mapovu yakaisha, mipasuko ikapungua, lakini haikwisha.

Basi iliyobaki ni kabureta. Mafla mpya inapitisha moshi kwa urahisi zaidi, injini inavuta hewa zaidi, na jeti, vitundu vinavyopima petroli kwenye kabureta, hazijui kwamba kuna kilichobadilika. Nilifungua plagi: kauri ya ncha yake nyeupe, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na petroli haba. Hapa wengi hukimbilia jeti kuu. Lakini jeti kuu inatawala mafuta yakiwa wazi kuanzia robo tatu kwenda juu. Mafuta yakifungwa anayezungumza ni jeti ya sailensi, ile ya injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta, na skrubu yake, na katikati ni sindano, kijiti chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta. Skrubu ya kabureta hii iko upande wa injini, kwa hiyo kuifungua kunaongeza petroli. Ingekuwa upande wa chujio la hewa ingekuwa kinyume. Niliifungua nusu mzunguko zaidi. Mipasuko ikabaki mmoja mmoja kwenye mteremko mrefu. Ndipo nikainua sindano kwa washa nyembamba, nikapima tena, na mwisho nikapandisha jeti kuu kutoka 120 hadi 125. Plagi sasa ni kahawia ya kufifia. Kila badiliko nililifanya peke yake, vinginevyo hujui kipi kimeponya nini.

Nguvu, na kelele

Utasikia kwamba injini inahitaji kizuizi kwenye ekzosi ili iwe na nguvu za chini. Haihitaji. Inachohitaji ni mwendo wa kasi wa moshi ndani ya bomba, na wimbi la mvuto lifike wakati vali zote mbili ziko wazi ili livute mabaki ya moshi nje. Bomba pana mno linapunguza kasi hiyo, ndiyo maana nguvu za chini hupotea, na lawama ikaangukia kukosa kizuizi. Hili langu lina upana uleule wa kiwandani. Chini ya mizunguko 3,000 sioni tofauti. Juu ya 5,000 inapanda kwa wepesi zaidi, ila kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa kwenye gia ya juu, saa ilionyesha tofauti ndogo ambayo kidole changu kwenye kitufe kingeweza kuileta.

Kizibo cha kupunguza sauti, kile kinachoingia mdomoni mwa mafla, sikitoi. Desibeli 10 zaidi ni nishati ya sauti mara kumi, na sikio linaisikia kama sauti iliyokaribia maradufu. Mafla ina alama ya herufi E na namba ya kanuni ya Umoja wa Mataifa, R92, ya sailensa za kubadilishia. Ukitoa kizibo, alama hiyo inabaki pambo.

Nimekaza nati za hedi upya baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa. Zote mbili zilikubali kidogo. Chujio la hewa linabaki la kiwandani, kwa sababu nikiligusa naanza kabureta upya. Sauti ikianza kukwaruza nitafungua mafla na kubadilisha pamba ya kioo inayonyonya sauti ndani yake, nikiwa nimevaa glavu na barakoa.