Siku moja maabara, nikizifuata elektroni kwenye fuwele

Saa 12:40 asubuhi. Treni ya U6 inatoka katikati ya Munich, Ujerumani, na kuishia Garching-Forschungszentrum, penye vituo vya utafiti. Muda huu abiria wengi ni wa aina yangu: wanafunzi wa uzamivu, mabegi mgongoni, macho mazito. Kazi yangu ni kuipiga fuwele kwa mwanga na kuangalia elektroni zake zinakimbilia wapi kabla hazijatulia.

Saa 1:20. Maabara yetu iko chini ya ardhi, ambako mitetemo ni michache. Kabla sijagusa chochote naangalia joto la chumba na hali ya ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa, ambamo fuwele hukaa. Joto likipanda hata kidogo, vishikizo vya vioo vinatanuka na miale inahama njia. Ombwe nalo lazima libaki na hewa karibu sehemu moja kwa trilioni kumi ya hii tunayovuta, kwa sababu uso wa fuwele ukipata hewa ya kawaida unachafuka papo hapo, na elektroni ninazozitafuta hutokea usoni pale pale.

Saa 2. Leza imeshapata joto. Ni ya safaya iliyotiwa titani, inatoa mapigo mafupi ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800, rangi ambayo jicho huiona kwa taabu sana ingawa inaweza kulipofua. Miwani ya kinga haivuliwi. Mwale tunaufuata kwa kamera. Tunaugawa sehemu mbili. Sehemu moja ni ya kuziamsha elektroni. Nyingine inakwenda kwenye gesi ya argoni, na hapo ndipo penye utamu: umeme wa mwanga unaing'oa elektroni kwenye atomu, unaitupa nje, kisha ukigeuka unairudisha kwa kasi. Ikirudi kwao inatoa fotoni, chembe ya mwanga, ya nishati kubwa. Anne L'Huillier na wenzake waliliona jambo hili Ufaransa mwaka 1987, na mwaka 2023 akapewa Nobeli pamoja na Pierre Agostini na Ferenc Krausz, ambaye kituo chake kiko hapa hapa Garching. Mimi nachukua fotoni za takriban elektronivolti 23 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Hizo ndizo za kuchungulia.

Saa 4. Sampuli ya leo ni tungsteni diselenidi, nusukipitishi chenye tabaka zilizoshikana kwa ulegevu. Nimebandika selotepu juu yake. Ndani ya ombwe naikamata kwa mkono wa chuma na kuivuta. Tabaka la juu linabanduka na uso mpya unabaki uking'aa. Vifaa vya fedha nyingi vimezunguka meza nzima, na hatua ya maana kuliko zote inategemea selotepu! Andre Geim na Konstantin Novoselov nao walibandua grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, kwa selotepu vivyo hivyo mwaka 2004.

Saa 5. Watu hudhani tuna saa ya ajabu humu ndani. Hatuna. Tuna kioo kinachosogezwa. Kikirudi nyuma mikromita 1.5, mwanga unakwenda na kurudi, njia inaongezeka mikromita 3, na mpigo unachelewa femtosekunde 10 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Muda wetu ni urefu wa njia. Asubuhi yote iliyobaki inaishia kwenye kutafuta sifuri, mahali ambapo mapigo mawili yanafika kwa pamoja.

Saa 7 mchana. Kantini, viazi tena. Mjomba, fundi simu Kariakoo, kanitumia ujumbe wa sauti: "Mpwa wangu, hizo elektroni mkishazijua, simu zitakwenda mbio zaidi?" Magazeti ndiyo yamemwambia hivyo, na mimi habari hizo zinanichosha. Mwanga hutikisika mamia ya maelfu ya mabilioni ya mara kwa sekunde, prosesa ya simu hupiga mabilioni machache tu. Mwandishi anagawa namba moja kwa nyingine, kichwa cha habari kimepatikana. Lakini kasi ya prosesa imekwama kwenye gigahezi chache tangu katikati ya miaka ya 2000, na kikwazo kikubwa ni joto. Nikamjibu: "Shikamoo mjomba. Mimi natafuta simu inachemkia wapi." Akacheka: "Hapo sasa umesema."

Saa 8 hadi 12 jioni. Kupima. Mpigo wa kwanza unazipandisha elektroni, wa pili unazitoa nje ya fuwele, nasi tunasoma nishati na mwelekeo wa kila moja. Zikitoka nyingi kwa mpigo mmoja zinasukumana na picha inachafuka, kwa hiyo tunazitoa chache na kusubiri sana. Kwenye skrini doa linawaka katika bonde moja la nishati, yaani mahali elektroni hupenda kukusanyika, kisha katika makumi machache ya femtosekunde linafifia na bonde la pili linawaka. Katika kuhama huko elektroni nyingi huipa fuwele mtikisiko. Joto linaanzia hapo.

Kwa nini nisitumie mapigo mafupi zaidi, ya atosekunde, ambayo ni elfu moja ya femtosekunde? Yana kazi yake. Mwaka 2007, hapa Garching, yalionyesha kuwa elektroni za ndani za tungsteni hutoka zikichelewa takriban atosekunde 100 nyuma ya zile zinazopitisha umeme. Lakini mpigo ukifupishwa, nishati yake inatawanyika: wa atosekunde 100 unatapakaa karibu elektronivolti 18, na mabonde yangu yameachana kwa sehemu ndogo tu ya elektronivolti moja. Ningeyaona yote kama ukungu mmoja.

Saa 1:30 usiku. Naiachia programu isogeze kioo yenyewe hadi asubuhi.

Saa 3:30. Niko nyumbani, nimemtumia mwenzetu wa nadharia mchoro wa kwanza. Jibu lake fupi: haamini mpaka aone kama uhamaji unapungua kasi sampuli ikipoozwa. Ana haki. Kesho ni siku ya heliamu, ya kuipooza sampuli.