Campbeltown: Safari ya Kuzitafuta Chupa Zilikozaliwa

Safari ya basi kutoka Glasgow hadi Campbeltown huchukua zaidi ya saa nne, kwa sababu barabara huzunguka maziwa na ghuba za Argyll, ikapita Inveraray na Tarbert, kisha ikateremka rasi nyembamba ya Kintyre huku bahari ikionekana upande wa kulia. Mimi hukusanya wiski kongwe za kimea, yaani zile za shayiri iliyooteshwa, zilizokenekwa katika kiwanda kimoja tu, na kati ya chupa nilizo nazo, zinazonigusa zaidi ni za mji huu mdogo wa Uskoti. Nilitaka kuiona ardhi iliyozizaa.

Nilianza na kiwanda cha Springbank, kilichofunguliwa mwaka 1828, kwa kuwa humo kazi yote bado hufanyika mahali pamoja, kuanzia kuotesha shayiri hadi kutia wiski chupani. Nilipofika chumba cha kuoteshea nilisimama mlangoni bila kusema neno. Shayiri mbichi ilikuwa imetandazwa sakafuni, na harufu yake tamu, yenye unyevunyevu, ilikuwa ile ile ya kimea cha ulezi alichokuwa akikiandaa bibi yangu kwa ajili ya mbege kule Marangu. Bibi aliloweka ulezi, akaufunika mpaka ukachipua, kisha akauanika juani; hapa shayiri hulowekwa, hupinduliwa kwa beleshi ili mizizi isishikamane, kisha hukaushwa tanuruni. Niliokota punje moja nikaipasua kwa ukucha: ndani ilikuwa laini kama unga, na kijizizi cheupe kilikuwa kimeanza kuchungulia.

Mwenyeji aliyetutembeza alieleza kwamba wiski zao tatu huanza kutengana hapo tanuruni. Hazelburn hukaushwa kwa hewa ya moto pasipo moshi. Longrow hufukizwa kwa muda mrefu kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasini unaokatwa na kukaushwa kama kuni. Na Springbank yenyewe iko katikati. Kisha Hazelburn hukenekwa mara tatu, Longrow mara mbili, na Springbank mara mbili na nusu, kwa maana kwamba sehemu yake hupita mtamboni mara mbili na sehemu nyingine mara tatu.

Hazelburn na Longrow ni majina yaliyorithiwa kutoka kwa viwanda vilivyokufa. Alfred Barnard, mwandishi Mwingereza aliyezunguka viwanda vya wiski, alipouzuru mji huu mwaka 1885 alikuta viwanda 21 vikifanya kazi. Rieclachan kilipofungwa mwaka 1934, vilibaki viwili tu, Springbank na Glen Scotia. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920 hadi 1933, na mgodi wa makaa ya mawe wa Machrihanish, uliolisha matanuri ya mji, ulifungwa mwaka 1929. Hata hivyo naamini jeraha kubwa lilitoka kwa wachanganyaji wa wiski, waliokuwa wanunuzi wakuu, ambao walihamia kwenye wiski nyepesi za Speyside, eneo la kaskazini mashariki mwa Uskoti, na kuuacha mji na maghala yaliyojaa.

Katika Hazelburn ya zamani, mwaka 1920, alifanya kazi kijana wa Kijapani, Masataka Taketsuru, akiandika kila alichokiona. Maarifa hayo ndiyo yaliyosaidia kuanzisha wiski ya Japani. Kiwanda kilichomfundisha kilinyamaza mwaka 1925. Nilitembea mitaa hiyo jioni, mvua ikinyesha kidogo, nikitazama kuta za mawe ambazo sasa zinahifadhi mambo mengine, na nilihuzunika kwa dhati.

Glengyle ndicho kilichonipa faraja. Kilijengwa mwaka 1872, kikafungwa mwaka 1925, na mwaka 2004 mitambo yake ikawashwa tena. Wiski yake huitwa Kilkerran, kwa kuwa jina la Glengyle lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na wengine. Nilinunua chupa moja na kuikagua dukani kama ninavyokagua chupa kongwe: kina cha wiski shingoni, kizibo, kingo za lebo. Wiski haizeeki ndani ya chupa; umri wake ni miaka iliyokaa ndani ya pipa la mwaloni, na baada ya hapo mkusanyaji hana kazi ila kuilinda isipigwe na jua wala isilazwe. Nalijua hilo kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuilaza chupa ya mwaka niliozaliwa kama mvinyo wa zabibu, spiriti ikakila kizibo mpaka kikamomonyoka, na nusu ya wiski ikavuja.

Asubuhi nilipanda basi la kurudi Glasgow. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, lakini chupa niliipakata mapajani, nikiishika wima kwa mikono miwili kwenye kila kona ya barabara ile ndefu.