Baiti ya 4065: nilivyotumia faili za maandishi kujenga majaribio ya maktaba ya usimbaji fiche

Ilikuwa Desemba, wiki ile ambayo Dar inamwaga watu wake mikoani. Nilikuwa Makumbusho nasubiri daladala ya Mbezi, simu ikaita. Dada wa uhasibu. "Kaka, ripoti za mauzo zinakuja nusu. Juu zinasomeka, chini takataka tupu."

Ripoti hizo hutoka kwenye mashine za mkononi za kukatia tiketi za mabasi. Zinafungwa, yaani zinageuzwa maandishi ya siri, kwa maktaba (msimbo wa kutumiwa na programu nyingine) ya usimbaji fiche niliyoiandika na wenzangu wawili kwa lugha ya C, maana kumbukumbu ya mashine zenyewe ni ndogo, haibebi maktaba kubwa. Ilikuwa imefanya kazi miezi tisa bila mtu kulalamika.

Na ilikuwa imejaribiwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Mkufunzi tuliyemlipa hela nzuri tu alituambia maktaba ya namna hii hujaribiwa hivi: funga ujumbe, ufungue, linganisha na ule ulioanza nao, ukirudi vilevile umemaliza. Tulimwamini. Tulikuwa na majaribio kama mia mbili ya mtindo huo, yote ya kijani, yaani yamepita.

Sikwenda Mbezi. Nilirudi ofisini, nikachukua ripoti saba zilizoharibika, nikatafuta kila moja inaanza kuharibika wapi. Zote saba, baiti ya 4065. Si karibu na hapo, ni hapohapo. AES, njia ya kufunga data tunayoitumia, hula data kwa vipande vya baiti 16, na 4064 ukigawanya kwa 16 unapata 254. Niliandika 254 kwenye karatasi nikaikodolea macho mpaka chai ikapoa. Tunaitumia kwa mtindo wa GCM, ambapo kila kipande hufungwa kwa namba yake ya kihesabu. Kwa mujibu wa waraka SP 800-38D wa mwaka 2007 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ukiwa na nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) ya baiti 12, kihesabu cha biti 32 huanzia 1, na hiyo 1 imetengwa kwa ajili ya tagi, yaani muhuri wa kuonyesha kama ujumbe umechezewa. Data huanza na 2. Kwa hiyo kipande cha 254 kinatumia 255, na cha 255 kinataka 256, namba isiyoenea kwenye baiti moja. Msimbo wetu ulikuwa unaongeza baiti ya mwisho tu, bila kubeba moja kwenda kwa jirani yake. Kihesabu kikarudi 0.

Siku za kawaida ripoti haifiki baiti elfu nne. Ilihitaji abiria wa Krismasi kuifikisha huko.

Funga-fungua isingegundua hili hata tungeliendesha mara milioni, kwa sababu mashine iliyokosea kufunga inakosea vilevile kufungua, na makosa mawili yanafutana. Seva ya upande wa pili ilitumia maktaba nyingine, sahihi, ndiyo maana takataka zilionekana kule. Tagi nayo ilipita bila wasiwasi, kwa kuwa GCM huikokotoa juu ya maandishi yaliyokwisha kufungwa. Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine: kipande cha 257 kilirudia kihesabu 2, kilekile cha kipande cha kwanza. Ukivipiga XOR vipande hivyo viwili (biti kwa biti: zikifanana 0, zikitofautiana 1), mkondo wa ufunguo, yaani biti za siri zilizochanganywa na maandishi, unatoweka kabisa, unabaki na XOR ya maandishi yenyewe. Hilo si kosa la kuharibu ripoti tu. Ni kuacha mlango wazi.

Kurekebisha ilikuwa mistari mitatu. Kujenga majaribio ya kuaminika ilichukua karibu miezi miwili ya jioni na Jumamosi.

Nilijua tunahitaji vekta za majaribio, yaani pembejeo na jibu lililokokotolewa na mtu mwingine. Zipo nyingi na ni za bure: NIST wanazo kwa AES na SHA (alama ya kidole ya data); kwenye RFC, nyaraka za viwango vya intaneti, RFC 4231 ina za HMAC, muhuri wa ujumbe unaotumia SHA na ufunguo, na RFC 8439 ina za ChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya kufunga; na mkusanyiko wa Wycheproof, uliotolewa na Google 2016, una mitego iliyokusanywa kwa makusudi kunasa makosa yanayojulikana. Bando la kushusha vyote halikuzidi elfu chache. Swali lilikuwa vikae wapi. Tulianza kwa kuvibandika ndani ya msimbo wa C, 0x na mkato kila baiti, na dogo wetu wa mafunzo ya vitendo alikesha siku mbili akifanya kazi hiyo. Alinakili vizuri, lakini nikiangalia sikuweza kabisa kujua kama amenakili vizuri. Hapo nikaamua: data ikae kwenye faili za maandishi, kama ilivyotoka kwa mwenyewe, na msimbo wa C uwe kisomaji kimoja kwa wote. Majina ya sehemu tuliyaacha yaleyale ya NIST, Key (ufunguo), IV (nonsi), CT (maandishi yaliyofungwa), Tag, PT (maandishi ya awali), ili faili yao iingie bila kuguswa na mkono wa mtu.

Kisomaji cha kwanza nilikiandika usiku mmoja. Mstari wenye alama ya sawasawa na usioanza na mabano kinauchukua, mstari mwingine wowote kinauruka. Niliona ni busara, maana faili zina maoni, mistari mitupu na vichwa vya mabano kama [Taglen = 104]. Nikaendesha faili ya NIST iitwayo gcmDecrypt128.rsp. Kijani mwanzo hadi mwisho. Niliwaonyesha wenzangu, tukaagiza chipsi kuku.

Kisha, sijui ni nini kilinituma, nikasema ngoja niivunje maktaba kwa makusudi nione majaribio yatapiga kelele kiasi gani. Nikafuta mstari unaolinganisha tagi. Yaani maktaba sasa inakubali ujumbe wowote, hata uliochezewa na mwizi. Nikaendesha upya.

Kijani.

Nikadhani sijajenga upya. Nikajenga upya. Kijani. Umeme ukakatika, nikabaki na mwanga wa kompyuta na betri ya saa moja, nikaanza kusoma ile faili mstari kwa mstari. Nikaiona. Kwenye faili za kufungua, ujumbe ambao tagi yake ni ya uongo hauna mstari wa PT. Mahali pake pameandikwa neno moja tu: FAIL. Halina alama ya sawasawa. Kisomaji changu kilikuwa kinaliruka kama takataka, kisha kinakuta PT haipo, basi hakuna cha kulinganisha, jaribio limepita. Kila jaribio la ujumbe wa kughushi, ambalo ndilo la maana kuliko yote, lilikuwa linapita bila kuulizwa chochote. Mwaka 2014 Apple walitoa sasisho la haraka kwa sababu mstari mmoja wa goto (amri ya kuruka) uliojirudia ulifanya saini isikaguliwe. Mimi nilikuwa nimejenga chombo ambacho kisingeona kosa la aina hiyo hata likisimama mbele yake.

Kisomaji cha pili nilikiandika kwa ukali. Mstari kisioutambua, kinasimama na kutaja jina la faili na namba ya mstari. Na halafu kuna ujanja ninaojivunia kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka ule: kila sehemu ina alama ya "imesomwa". Jaribio likiita sehemu, alama inawaka. Jaribio likiisha na kuna sehemu ambayo haijaitwa na mtu, jaribio limeanguka, hata kama majibu yote yalikuwa sahihi. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba BoringSSL, maktaba ya usimbaji fiche ya Google, wana kanuni hiyohiyo kwenye kisomaji chao, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Siku ya kwanza kanuni hiyo ilikamata faili mbili. Moja ilikuwa na AAD, data inayolindwa na tagi bila kufungwa, ambayo msimbo wa jaribio haukuwahi kuipitisha popote. Nyingine dogo alikuwa ameandika Tga badala ya Tag.

Faili yenye majaribio sifuri nayo inaanguka. Ukikosea njia ya folda, ukimya si ushindi.

Kutofautisha sehemu tupu na sehemu isiyokuwepo kulitusumbua kidogo: "PT =" bila kitu mbele ni ujumbe halali wa baiti sifuri, na SHA-256 ya kitu kitupu ina jibu lake linaloanza e3b0c442. Usiziunganishe hizo mbili kamwe. Na ondoa herufi ya mwisho wa mstari ya Windows kabla hujafanya jambo lolote lingine.

Kisa cha baba lazima nikieleze. Tulikubaliana thamani zote ni heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na a hadi f, mbili kwa kila baiti, lakini dogo alitaka kuandika ujumbe mfupi kwa maneno ya kawaida, ili faili isomeke. Nikaruhusu: ikiwa heksadesimali isomwe hivyo, isipokuwa hivyo ichukuliwe kama maneno. Akaandika majaribio ya HMAC yenye ujumbe "mama", "baba", "kaka", "dada". Mama na kaka wakapita. Baba na dada wakaanguka. Tulizunguka mchana mzima. Mwishowe nikaona: b, a na d zote ni tarakimu za heksadesimali. Baba si herufi nne, ni baiti mbili, ba na ba. Dada vilevile. Mama ana m, kaka ana k, ndio waliookoka. Tangu siku ile maneno lazima yawe ndani ya alama za kunukuu, na kisomaji hakikisii chochote.

Kuna na hili la kumbukumbu, wasiotumia C waliruke. Kila thamani inakopiwa kwenye kipande cha kumbukumbu chenye ukubwa wake kamili, bila nafasi ya ziada hata baiti moja, kisha majaribio yanaendeshwa AddressSanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu, ikiwa imewashwa. Msimbo ukichungulia baiti moja nje ya mipaka, programu inakufa palepale. SHA-256 yetu ilikufa kwa ujumbe wa baiti 64 kamili. Ilikuwa inachungulia jirani tangu siku ya kwanza, na majibu yake yote yalikuwa sahihi.

Mtu mmoja alinishauri kila kitu kiwe JSON, mtindo wa kuandika data kwa mabano na nukuu, kwa sababu Wycheproof ni JSON. Hapana. Tuliandika skripti ndogo ya kugeuza zile kuwa maandishi yetu, na kisomaji kikabaki kidogo kiasi cha kuingia ndani ya mashine ya tiketi yenyewe. Mashine haina mfumo wa faili, kwa hiyo tunazipachika faili ndani ya programu wakati wa kuijenga. Ni muhimu majaribio yaendeshwe kule kwenyewe, si mezani kwangu tu.

Sasa lile kosa la Desemba. Nilitegemea vekta za NIST zingelikamata. Zisingelikamata. Ujumbe mrefu kuliko wote katika zile faili za GCM ni wa biti 408, baiti 51. Kwa hiyo tuliongeza faili yetu, na kwenye kisomaji tukaongeza neno Rudia, ili ujumbe mrefu uandikwe kwa mstari mmoja. Neno hilohilo linatufanyia SHA-256 ya herufi a milioni moja, ambayo jibu lake linaanza cdc76e5c. Faili yetu ina jumbe za baiti 4064, 4065 na 4112. Dogo aliniletea majibu yake jioni ileile, safi kabisa. Nikamuuliza ameyakokotoa kwa kutumia nini. "Kwa maktaba yetu, kaka, si tumeshairekebisha?" Tulikaa naye nusu saa. Majibu yakatolewa upya kwa OpenSSL, maktaba ya watu wengine inayotumika sana, yakathibitishwa kwa maktaba nyingine ya Python isiyotegemea OpenSSL, ndipo yakaingia.

Ule ujanja wa kuvunja maktaba kwa makusudi sasa una folda lake. Lina viraka 23, yaani mabadiliko madogo ya msimbo: kimoja kinafuta ukaguzi wa tagi, kimoja kinarudisha kihesabu cha baiti moja, kimoja kinakata nonsi. Kabla ya kutoa toleo, kila kiraka kinabandikwa kwa zamu, na majaribio lazima yawe mekundu, yaani yaanguke, mara 23. Kiraka cha 24 alikiandika dogo wiki iliyopita. Majaribio yalibaki ya kijani, na sasa hivi ninapoandika haya yumo kwenye kiti cha pembeni anaongeza mstari kwenye faili.