Nusu duara ya Mandela na Sam Nujoma

Dar es Salaam ina barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji kama vidole vya kiganja: Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo. Kinachoviunganisha vidole hivyo, bila kumlazimu msafiri kupita Kariakoo au Posta, ni Barabara ya Mandela kutoka upande wa bandari hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge. Mimi huiita nusu duara, kwa kuwa upande wa pili umezibwa na bahari.

Kwa miaka mingi nimeipita kwa daladala, na nakumbuka jinsi tulivyokwama Ubungo nyuma ya malori ya makontena, tukimtazama askari wa usalama barabarani aliyeruhusu upande mmoja hadi abiria wa upande wetu wakaanza kushuka na kutembea. Uboreshaji ulikuja kipande kwa kipande. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la Mfugale pale TAZARA, na Februari 2021 likafuata daraja la Kijazi la ngazi tatu pale Ubungo.

Hata hivyo, madaraja hayo mawili hayalingani. Lile la TAZARA linawapitisha juu wanaotumia Barabara ya Nyerere kwenda au kutoka uwanja wa ndege, ilhali anayefuata Mandela, pamoja na malori yanayotoka bandarini, bado husubiri taa chini ya daraja. Nami husubiri nao, nikiwa nimening'inia mlangoni.